Maziwa Yananiendesha, Mtindi Hauna Neno: Kwa Nini?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Dar es Salaam, nina mtoto wa miezi minane ninayemnyonyesha. Nimekulia Singida, kwetu ng'ombe walikuwepo na sikumbuki maziwa kunidhuru hata siku moja. Tangu nijifungue, mama mkwe ananisisitiza ninywe maziwa kila asubuhi kabla ya kula chochote ili ya mtoto yatoke vizuri. Nakunywa kikombe kikubwa, kile cha nusu lita. Haipiti saa moja tumbo linajaa, linaunguruma mpaka aliye karibu anasikia, kisha naendesha. Ikifika mchana nimepona. Chai ya maziwa hainifanyi kitu, na mtindi nakula na ugali bila shida. Duka la dawa waliniuzia dawa za vidonda vya tumbo, hazijasaidia. Jirani anasema nihamie maziwa ya mbuzi, mdogo wangu aliyeko Nairobi anasema ya ngamia ndiyo kiboko, na kazini wanasema tatizo ni kemikali za maziwa ya paketi. Je, nina mzio? Na je, maziwa yangu yanaweza kumdhuru mtoto kama haya yanavyonidhuru mimi?"

Marahaba, mama, na hongera ya mtoto. Umenirahisishia kazi kuliko wengi wanaokaa mbele yangu kliniki, kwa sababu umetaja ukubwa wa kikombe. Watu huniambia "maziwa yananikataa" na kuishia hapo. Wewe umesema nusu lita, asubuhi, tumbo tupu, tena ukaongeza kwamba chai na mtindi vinapita salama. Jibu lako kubwa limo humo humo.

Hofu yako naisoma hivi: mwili umeharibika, maziwa ni sumu kwako, na huenda unampitishia mtoto. Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kama lolote kati ya hayo ni kweli. Kinachoonekana ni kwamba tumbo lako haliwezi kumeng'enya sukari ya maziwa kwa wingi ule unaolipa kwa mara moja. Maziwa halijayakataa. Limekataa kikombe.

Ndani ya maziwa ya mnyama yeyote anayefugwa kwetu kuna sukari iitwayo laktosi. Huisikii sana ulimini kwa sababu utamu wake ni hafifu, lakini ipo nyingi: karibu gramu 5 katika kila mililita 100 za maziwa ya ng'ombe. Laktosi ni sukari mbili ndogo zilizoungana, na ukuta wa utumbo haupitishi sukari zilizoungana. Fikiria watu wawili walioshikana mikono mbele ya geti linaloingiza mtu mmoja mmoja. Lazima kwanza waachanishwe. Anayewaachanisha ni kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachotengenezwa na chembe za ukuta wa utumbo mwembamba. Laktesi ikitosha, sukari zinaingia kwenye damu na hutajua kama kuna lolote lililofanyika.

Isipotosha, laktosi iliyobaki inaendelea na safari hadi utumbo mpana, na huko mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kwanza inavuta maji, ndiyo maana choo kinakuwa chepesi. Pili, bakteria wanaoishi huko, ambao ni mamilioni kwa mamilioni, wanaishangilia kama watoto walioona keki. Wanaichachusha na kutoa hewa: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani. Hewa ile ikisukumana na maji ndani ya utumbo ndiyo muungurumo anaousikia jirani yako. Safari ya maziwa kutoka kinywani hadi huko huchukua kati ya nusu saa na saa chache, na mzigo ukishatoka hali hutulia. Kwa hiyo kupona kwako mchana hakuna muujiza.

Sasa tupige hesabu. Nusu lita ya maziwa ya ng'ombe ina laktosi gramu 24 hivi, sawa na vijiko sita vya chai vya sukari, na wewe unaituma yote kwenye tumbo tupu, ambamo hakuna chakula cha kuipunguza kasi. Kikombe cha chai ambacho theluthi moja ni maziwa kina gramu 4 tu. Laktesi yako, hata kama ni kidogo, inazimudu gramu 4. Wataalamu waliopitia tafiti za jambo hili, Marekani na Ulaya, mwaka 2010, walikubaliana kwamba watu wengi wenye laktesi kidogo huvumilia hadi gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe cha kawaida cha mililita 250, bila usumbufu au kwa usumbufu mdogo. Wakinywa pamoja na chakula au kidogo kidogo kutwa nzima, huvumilia zaidi ya hapo. Wewe ulikuwa unajipa mara mbili ya kiwango hicho, asubuhi, bila hata kipande cha muhogo.

"Lakini Singida nilikuwa nakunywa." Naamini. Mtoto mchanga wa binadamu huzaliwa na laktesi ya kutosha, kwa sababu chakula chake chote ni maziwa. Baada ya umri wa kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani inaanza kupungua taratibu, na inakadiriwa kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wamepungukiwa nayo. Kwa hiyo mtu mzima anayekunywa lita bila taabu ndiye wa pekee, na hali yako ndiyo ya kawaida. Nasisitiza hili kwa sababu vijarida vingi vya afya vimeandikwa na watu wa Ulaya Kaskazini, ambako wengi wanaendelea kuwa na laktesi ukubwani, ndipo sisi tukaanza kujiona wagonjwa.

Afrika Mashariki kwenyewe tuna hadithi tamu zaidi ya ile ya Ulaya. Mwaka 2007 mwanajenetiki Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko matatu ya kijenetiki yanayoiacha laktesi iendelee kutengenezwa ukubwani, na hayo ni tofauti na lile la Wazungu. Maana yake wafugaji wa huku walifika penye jibu lile lile kwa njia yao, ndani ya miaka elfu chache tu ya kuishi na ng'ombe. La kushangaza ni kwamba hata kwa Wahadzabe waliopimwa, ambao hawafugi, nusu hivi walikuwa wanaimeng'enya laktosi. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie "kabila lako linakunywa, wewe umekuwa wa mjini". Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Halafu kumbuka vizuri mlivyokuwa mnakunywa nyumbani. Nina hakika mengi yalikuwa yamegandishwa kwenye kibuyu na kuliwa na ugali, na ya freshi yalikuwa kikombe kimoja kidogo cha bati, tena mkigombania.

Kuhusu mzio: hapana, sioni dalili zake. Mzio ni kinga ya mwili kupigana na protini ya maziwa, sukari haihusiki. Mwenye mzio hutoka vipele vinavyowasha, midomo au uso huvimba, hutapika, na akizidiwa hupumua kwa shida. Kwake tone ni kosa, hata la kwenye chai, na mtindi pia ungemdhuru. Wewe unakula mtindi na ugali. Mzio wa maziwa ya ng'ombe ni jambo la watoto wachanga hasa, na wengi huachana nao wakikua.

Twende kwa jirani yako na maziwa ya mbuzi. Amekosea, ila si kwa kila kitu. Maziwa ya mbuzi yana matone madogo zaidi ya mafuta na hufanya bonge laini zaidi tumboni, kwa hiyo wapo wanaoyaona mepesi. Lakini laktosi yake ni gramu 4 na kitu kwa mililita 100, karibu sawa na ya ng'ombe. Nusu lita ya mbuzi itakukimbiza chooni kama nusu lita ya ng'ombe, tofauti ni kwamba hii utakuwa umeinunua kwa bei kubwa zaidi. Wala asitokee mtu akampa mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe maziwa ya mbuzi akidhani amemwokoa: protini zao zinafanana mno, na wengi wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe huwa na mzio wa ya mbuzi pia.

Ngamia naye? Maziwa yake hayana mojawapo ya protini zinazosumbua wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, na hilo ni la kweli. Lakini wewe shida yako haiko kwenye protini, na laktosi ya ngamia haiko mbali na ya ng'ombe. Waulize Wasomali wanaoyajua maziwa haya tangu utotoni. Watakuambia mgeni akiyanywa freshi kwa pupa huendesha, na ndiyo maana wao wenyewe huyachachusha pia.

Maziwa ya paketi yanasingiziwa bure. Yale yanayokaa miezi bila friji yamepitishwa kwenye joto linalozidi nyuzi 135 kwa sekunde chache, kisha yakafungwa kwenye paketi isiyopitisha vijidudu. Ndiyo siri ya kukaa kwake. Joto lile haliigusi laktosi, na hata wewe ukichemsha mara tatu jikoni huiondoi. Ya unga ukiyakoroga kwa vipimo vya kwenye kopo yanarudi kuwa kama maziwa mengine, ila wapo wanaomimina vijiko vinne vya kurundika kwenye kikombe kimoja, na zaidi ya theluthi ya unga ule ni laktosi. Kuondoa mafuta nako hakusaidii, kwa kuwa laktosi iko kwenye maji ya maziwa. Samli kwa sababu hiyo hiyo karibu haina laktosi kabisa, na jibini ngumu iliyokomazwa ina kidogo sana.

Kuna wanaosema ng'ombe wa kienyeji ndiye salama. Hapa sitakuwa mkali, maana kuna chembe ya hoja. Ng'ombe wetu wa nundu kwa kawaida hutoa aina ya protini ya kaseini inayoitwa A2, wakati wa kizungu kama Friesian wana mchanganyiko wa A1 na A2. Tafiti chache na ndogo zimeona A1 ikiwasumbua baadhi ya watu tumboni. Ushahidi bado ni mwembamba, na laktosi ni ile ile kwa ng'ombe wote wawili. Ukiwa na mfugaji unayemwamini jaribu, ila usitegemee kwamba nundu itafanya kazi ya laktesi.

Kwenye maduka makubwa utakuta maziwa yaliyoandikwa hayana laktosi. Hayo ni ya ng'ombe kabisa, yametiwa laktesi kiwandani ili sukari iachanishwe kabla hujanywa. Utayasikia matamu zaidi, na wengi hudhani yameongezwa sukari. Utamu ule ni wa sukari mbili zilizotengana. Kwako yangefaa, ila sioni sababu ya gharama hiyo wakati mtindi unakupokea. Maziwa ya soya hayana laktosi na protini yake inakaribia ya ng'ombe, lakini yana sukari za jamii ya maharage, kwa hiyo tumbo linalojaa kwa maharage linaweza kujaa kwa soya, na lazima yachemke sawasawa. Tui la nazi ni kitoweo cha wali na samaki, tamu sana, lakini ni mafuta. Usilihesabu kama maziwa.

Kwa hiyo ukiniuliza maziwa gani, swali la mnyama naliweka pembeni. Nauliza: yamefanywa nini kabla hayajafika kinywani?

Na hapo mtindi unashinda. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza asidi, ule uchachu. Baadhi yao, hasa wa yogati, wana kimeng'enya chao cha kuikata laktosi, na wakifika utumboni wakiwa hai wanaendelea kukusaidia kazi. Tena mtindi ni mzito, unashuka taratibu, na hiyo laktesi yako kidogo inapata nafasi. Bibi zetu hawakulijua jina la laktesi, lakini walijua maziwa ya kumpa mgeni aliyetoka safari ndefu. Kuna yogati za dukani ambazo hupashwa moto baada ya kuganda ili zikae zaidi. Hizo bakteria wamekufa, msaada wao umepungua, na sukari iliyoongezwa ni nyingi.

Utengeneze mwenyewe. Chemsha maziwa yapande vizuri, yaache yapoe mpaka kidole cha mwisho kikitumbukizwa kinahisi uvuguvugu bila kuungua. Koroga vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, funika kwa sahani safi, weka kona ya jiko usiitikise. Kwa joto la Dar, asubuhi utakuta umeganda, na maji ya kijani-njano yamejitenga pembeni. Maji yale yana sehemu kubwa ya laktosi iliyobaki. Ukitaka mtindi mwepesi zaidi kwa tumbo, yamwage au uchuje kwa kitambaa.

Nimesema chemsha kwanza, na sitanii. Kugandisha maziwa mabichi hakuui kwa uhakika vijidudu vya brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, wala vya kifua kikuu cha ng'ombe. Mjini kuna jambo la ziada: maziwa yanayozunguka na bodaboda kwenye dumu tangu alfajiri, pengine yameongezwa maji ya bomba. Yakikatika yakiwekwa motoni, ujue yalishaanza kuharibika njiani. Kama tumbo linakusumbua siku fulani tu, na mumeo au watoto wakubwa nao wanaendesha siku hizo hizo, achana na habari za laktosi, badilisha muuzaji.

Sasa mtoto, maana najua ndiye aliyekufanya uandike. Mnyonyeshe bila wasiwasi wowote. Maziwa ya mama ndiyo yenye laktosi nyingi kuliko yote niliyoyataja, gramu 7 hivi kwa mililita 100, na mtoto wako ndiye mwenye laktesi nyingi kuliko nyote ndani ya nyumba. Mmeumbwa mkafaana. Laktosi iliyomo kwenye ziwa lako inatengenezwa na ziwa lenyewe, haitoki kwenye kikombe unachokunywa, na kutoimeng'enya kwako hakurithishwi kwa kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi pamoja na vyakula vingine. Kwa miezi yake minane, maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kuingia kidogo kwenye uji wake, ila yasichukue nafasi ya ziwa, kwa kuwa yana madini chuma kidogo mno.

Na mama mkwe, kwa heshima zote, maziwa hayaleti maziwa. Yanaletwa na mtoto anavyonyonya mara kwa mara, na wewe kula vizuri na kunywa maji ya kutosha. Ng'ombe mwenyewe anakula majani. Mwambie hilo kwa utani, siku mkiwa mnapika pamoja, asije akaona umemdharau. Kalisiamu unayoihitaji utaipata kwenye mtindi, kwenye dagaa unaowala na mifupa yao, ufuta na sukuma wiki.

Zile dawa za vidonda sioni sababu yake kwa dalili ulizotaja. Mwenye vidonda kwa kawaida huumwa chini ya chembe ya moyo, wakati mwingine njaa ikiuma au usiku, na anapaswa kupimwa kabla ya kumezeshwa vidonge. Na imani kwamba maziwa yanatibu vidonda nayo ni ya kuachwa: yanatuliza kwa muda, kisha yanalichochea tumbo litoe asidi zaidi.

Fanya hivi. Kwa wiki mbili acha maziwa freshi kabisa, na kwa kuwa tunataka uhakika, acha pia ya kwenye chai, ya unga, na aiskrimu. Mtindi nao upumzishe kidogo. Andika kwenye daftari tumbo lilivyokuwa kila siku, na ulichokula, maana wapo wanaogundua mkosaji alikuwa maharage ya usiku. Kisha rudisha nusu kikombe cha maziwa, mililita 125 hivi, katikati ya mlo. Siku mbili tatu zikipita kwa amani, panda hadi kikombe kimoja. Utafika mahali tumbo litakuonya. Rudi hatua moja nyuma, hapo ndipo kipimo chako. Mimi changu ni glasi moja; ikizidi, sikai kikao kwa utulivu. Kuna kipimo cha hospitali pia, unakunywa laktosi kisha unapuliza kwenye kifaa kinachopima haidrojeni kwenye pumzi, kwani ile hewa ya utumboni sehemu yake huingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Si kila hospitali ina kifaa hicho, na kwa mtu mwenye maelezo kama yako daftari linatosha.

Lakini yapo yasiyongoja daftari. Ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila kukusudia, ukiamshwa usiku na kuharisha, ukipata homa, au ukichoka na kupauka kama mwenye upungufu wa damu, nenda hospitali, hayo laktosi haiyafanyi. Vivyo hivyo kama wiki mbili bila maziwa zitaisha na tumbo liko vile vile: choo kipimwe, hasa kwa giardia, mdudu ambaye huchubua utumbo na kuifanya laktesi ipungue kwa muda hata kwa mtu aliyekuwa nayo. Homa inayokwenda na kurudi kwa majuma, jasho la usiku na maungo kuuma, kwa mtu aliyewahi kunywa maziwa mabichi, ni kupima damu kwa brusela. Na mtoto akitoka vipele, akivimba midomo au akitapika mfululizo baada ya kuonjeshwa maziwa ya ng'ombe, au ukiona damu kwenye nepi yake, usimtibu nyumbani, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kile kikombe cha nusu lita weka uji wako wa asubuhi. Pembeni yake, bakuli dogo la mtindi.